MFALME ALBERT WA UBELGIJI: ALIYEKATAA NCHI YAKE IWE NJIA YA VITA

Wazee wa kandokando ya Ziwa Tanganyika wangali wakizikumbuka siku ambazo mji wa Kalemie uliitwa Albertville, na mji wa Lubumbashi uliitwa Elisabethville. Majina hayo yaliondolewa mwaka 1966, na vijana wa leo hawana sababu kubwa ya kuyajua. Hata hivyo, tumeona yafaa kusimulia habari za mtu ambaye jina lake lilibandikwa mji huo wa kwanza, yaani Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji. Katika maisha yake mna fundisho kwa kila taifa dogo: jinsi nchi isiyo na ugomvi na mtu, tena yenye mkataba uliotiwa sahihi na wakubwa wote, inavyoweza kuamka asubuhi moja ikajikuta katikati ya vita. Mna fundisho la pili pia, ambalo wanaomsifu mfalme huyo hawalisemi sana. Tutalifikia kwa zamu yake.

MTOTO ASIYETAZAMIWA UFALME

Albert alizaliwa mjini Brussels tarehe 8 Aprili 1875. Baba yake, Philippe, alikuwa mdogo wake Mfalme Leopold wa Pili, yule aliyeitwaa Congo ikawa mali yake binafsi. Mama yake alitoka katika ukoo wa kifalme wa Kijerumani wa Hohenzollern. Hakuna aliyedhani kwamba mtoto huyu angetawala. Lakini mwana wa pekee wa Leopold alikuwa amekwisha kufa mwaka 1869 angali mdogo, na kaka yake Albert, Baudouin, aliyetazamiwa kurithi, alifariki ghafula mwaka 1891. Hivyo kijana wa miaka 15, mrefu, mwenye haya, apendaye vitabu na mitambo, akajikuta anaandaliwa kwa kiti ambacho hakukiomba.

Mwaka 1900 alimwoa Elisabeth, binti wa ukoo wa kifalme wa Bavaria. Msomaji alitie moyoni jambo hili: mtu aliyekuja kusimama mbele ya majeshi ya Ujerumani alikuwa na mama Mjerumani na mke Mjerumani.

Mwaka 1909 Albert alisafiri kwenda Congo. Aliingilia kusini, akapita Katanga, akateremka na mto hadi pwani ya magharibi. Wakati huo dunia nzima ilikuwa imekwisha kusikia maovu yaliyotendwa kwa ajili ya mpira, na serikali ya Ubelgiji ilikuwa imeichukua nchi hiyo kutoka mikononi mwa Leopold mwezi Novemba 1908. Albert alirudi akitaka mambo yarekebishwe. Lakini kwamba Wakongo wenyewe waulizwe wanataka nini, hilo halikuwamo katika fikira za watawala wa siku zile. Mnamo Desemba mwaka uleule Leopold alifariki, na tarehe 23 Albert akaapishwa. Alikula kiapo kwa Kifaransa na kwa Kiholanzi pia, jambo ambalo wafalme waliomtangulia hawakulifanya.

AHADI YA WAKUBWA WATANO

Ubelgiji ilijipatia uhuru wake mwaka 1830 ilipojitenga na Uholanzi. Ni nchi ndogo iliyokaa mahali pazuri kwa biashara na pabaya kwa amani. Kusini iko Ufaransa, mashariki Ujerumani, kaskazini Uholanzi, na ng'ambo ya bahari nyembamba iko Uingereza. Kwa karne nyingi majeshi ya Ulaya yalikuwa yakikutania katika tambarare zake. Ili kuukomesha mtindo huo, tarehe 19 Aprili 1839 dola tano kubwa, yaani Uingereza, Ufaransa, Prussia, Austria na Urusi, zilitia sahihi mkataba mjini London. Ubelgiji iliahidi kutoegemea upande wowote daima, na wakubwa hao waliahidi kuilinda hali hiyo. Prussia ndiyo iliyokuja kuwa kiini cha dola ya Ujerumani, na ahadi yake ikawa ya Ujerumani.

Ahadi hiyo ilitimizwa kwa muda mrefu. Mwaka 1870 Prussia na Ufaransa zilipopigana, Uingereza ilizikumbusha zote mbili juu ya mkataba, na majeshi yao yakapita nje ya mipaka ya Ubelgiji. Wabelgiji wengi wakaamini kwamba karatasi ile ni ngao tosha. Jeshi likawa jambo la kubezwa. Mpaka mwaka 1909 vijana walikuwa wakiingia jeshini kwa kupigiwa kura, na mwenye fedha aliyeangukiwa na kura aliweza kumlipa maskini aende badala yake.

Lakini vita vyenyewe vilikuwa vikibadilika. Reli ziliweza kuhamisha watu laki kwa laki katika siku chache. Viwanda vya chuma, kama vile vya Krupp mjini Essen, vilikuwa vikifua mizinga ambayo mababu hawakuiota. Wafaransa walijenga safu ya ngome katika mpaka wao na Ujerumani, kuanzia Verdun hadi Belfort. Majemadari wa Kijerumani walipoitazama safu hiyo waliona kwamba kuivunja kungechukua muda mrefu, na wakati huohuo Urusi ingewapiga kwa nyuma. Ndipo Jemadari Schlieffen alipobuni shauri la kuzizunguka ngome zile kwa kupitia Ubelgiji, kuiangusha Ufaransa katika majuma machache, kisha kugeuza treni na kwenda kumkabili Mrusi.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Shauri hilo halikutokana na chuki juu ya Wabelgiji. Kosa lao lilikuwa moja tu, nalo ni kukaa mahali ambapo njia ilipita. Treni zilikwisha kupangiwa saa na dakika zake, na zaidi ya watu nusu milioni walitakiwa kupenya katika mwanya mwembamba karibu na mji wa Liège. Mpango wa namna hiyo ukishaanza hauna nafasi ya kumngoja balozi amalize maneno yake.

Albert aliyatambua hayo kuliko wengi wa mawaziri wake. Mnamo Novemba 1913 alizuru Ujerumani, na huko Kaisari Wilhelm na mkuu wa majeshi yake walimdokezea kwamba vita na Ufaransa vimekaribia. Mwaka huohuo Bunge la Ubelgiji lilipitisha sheria ya kuwaandikisha jeshini vijana wote. Lakini jeshi halioti kama uyoga. Vita vilipofika, askari wa Ubelgiji waliokuwa tayari kwenda uwanjani walikuwa 117,000 hivi.

SAA KUMI NA MBILI

Tarehe 28 Juni 1914 mrithi wa ufalme wa Austria aliuawa mjini Sarajevo. Ubelgiji haikuwa na haja wala hoja katika ugomvi uliofuata. Lakini mwezi mmoja baadaye Austria iliishambulia Serbia, Urusi ikakusanya majeshi, na Ujerumani ikaitangazia Urusi vita. Uingereza iliwauliza Wafaransa na Wajerumani kama wataiheshimu mipaka ya Ubelgiji. Ufaransa ilijibu ndiyo. Ujerumani ilikwepa kujibu. Tarehe 1 Agosti Albert alimwandikia Kaisari barua ya mtu kwa mtu, na mkewe akamsaidia kuitia katika Kijerumani. Majibu hayakumpa ahadi yoyote.

Jumapili ya tarehe 2 Agosti majeshi ya Ujerumani yaliingia Luxembourg, nchi nyingine ndogo isiyo na upande. Saa moja jioni siku hiyo balozi wa Ujerumani mjini Brussels alimkabidhi waziri wa mambo ya nje barua. Ilidai kwamba Wafaransa wanajiandaa kupita Ubelgiji, jambo ambalo halikuwa kweli, na kwa hiyo Ujerumani inalazimika kuwatangulia. Ubelgiji ikiwapisha Wajerumani, uhuru wake utarudishwa mwisho wa vita, vyakula vyote vitalipiwa taslimu na hasara zitafidiwa. Ikipinga, itahesabiwa kuwa adui. Jibu lilitakiwa katika muda wa saa kumi na mbili.

Usiku ule mfalme aliongoza kikao cha mawaziri katika jumba lake. Walikuwapo waliojua vyema udhaifu wa jeshi lao. Njia ya kukubali ilikuwa na ladha tamu: miji isingeungua, watoto wasingekufa, na fedha zingelipwa. Lakini nchi inayompa mmoja wa wapiganaji njia ya kumpigia mwenzake imekwisha kuchukua upande. Wafaransa na Waingereza wangekuwa na haki ya kuihesabu adui, na Mjerumani akishinda, nani angemkumbusha kuondoka? Tena mkataba wa 1839 ulikuwa na pande mbili: wakubwa wailinde Ubelgiji, nayo Ubelgiji ijilinde yenyewe. Kikao kilikata shauri la kukataa. Saa moja asubuhi ya tarehe 3 jibu lilipelekwa.

Asubuhi ya tarehe 4 majeshi ya Ujerumani yalivuka mpaka. Saa hizo Albert, amevaa sare za kijeshi na amepanda farasi, alikwenda Bungeni kuwauliza wawakilishi wa taifa kama wako radhi kuilinda nchi kwa gharama yoyote. Wote walisimama pamoja naye, hata wasoshalisti ambao kwa miaka mingi walikuwa wakiupinga ufalme. Katiba ilimpa mfalme uamiri wa jeshi, naye akaushika kwa mkono wake mwenyewe. Usiku wa siku hiyo Uingereza iliingia vitani. Ilitaja mkataba wa London kuwa sababu, na sababu hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini haikuwa peke yake, maana Waingereza hawakutaka kabisa kuziona manowari za Ujerumani katika bandari zinazotazamana na pwani yao.

VITA VYA VIWANDA

Liège ilizungukwa na ngome kumi na mbili za zege na chuma, zilizojengwa yapata robo karne nyuma na kusifiwa kuwa hazivunjiki. Chini ya Jemadari Leman walinzi wake waliwaua Wajerumani wengi katika siku za mwanzo. Ndipo ilipoletwa mizinga ya Krupp yenye mdomo wa milimita 420, ikirusha makombora ya karibu kilo 800. Tarehe 15 Agosti kombora moja lilipenya ghala la baruti la ngome ya Loncin, na watu wapatao 350 wakazikwa papo hapo chini ya zege. Siku iliyofuata ngome ya mwisho ilianguka, na tarehe 20 Wajerumani waliingia Brussels.

Raia walilipishwa ushujaa wa jeshi lao. Wakidai kwamba wanafyatuliwa risasi kutoka majumbani, Wajerumani waliwaua raia 674 mjini Dinant, na mjini Leuven walichoma moto maktaba ya chuo kikuu ikiwa na vitabu zaidi ya 200,000. Katika majuma machache raia zaidi ya 5,000 wa Ubelgiji walikuwa wamekwisha uawa, na watu zaidi ya milioni moja walikimbilia Uholanzi.

Huenda msomaji akauliza kwa nini Uholanzi, iliyo jirani ya mlango kwa mlango, iliachwa salama vita vyote. Katika shauri lake la kwanza Schlieffen alikusudia kukata kipande cha Uholanzi pia. Aliyemfuata, Moltke, alilifuta jambo hilo kwa kuwa Ujerumani ingehitaji bandari za nchi isiyo vitani ili kupata bidhaa kutoka nje. Basi jirani mmoja alikanyagwa kwa sababu njia yake ilihitajiwa, na mwingine akaachwa kwa sababu mlango wake ulihitajiwa uwe wazi.

Bandari ya Antwerp ilipoanguka mwezi Oktoba, Albert alirudi nyuma na mabaki ya jeshi lake hadi mto Yser, karibu na mpaka wa Ufaransa. Askari walikuwa wamechoka, na risasi zilikuwa zikiisha. Hapo maji yalifanya kazi iliyoishinda bunduki. Mafundi na wenyeji waliojua desturi za bahari ile walifungua milango ya mifereji huko Nieuwpoort wakati wa maji kujaa, na kuifunga yalipokupwa, usiku baada ya usiku, hata bonde lote kati ya mto na tuta la reli likawa ziwa. Wajerumani walikwama. Kutoka hapo mpaka ulikaa karibu miaka minne, na Albert alibakiwa na pembe ndogo tu ya nchi yake.

Serikali yake ilihamia Ufaransa, lakini mwenyewe hakuondoka. Alikaa De Panne, kijiji cha pwani, katika nyumba ya kawaida. Malkia Elisabeth aliwahudumia majeruhi katika hospitali ya huko. Mbali kidogo na hapo, tarehe 22 Aprili 1915, Wajerumani walifungua mitungi ya gesi ya klorini karibu na mji wa Ypres, na upepo ukawapelekea askari sumu iliyounguza mapafu.

Katika miaka hiyo Albert alishika jambo moja ambalo liliwaudhi marafiki zake. Alikataa kuhesabiwa mshirika kamili wa Uingereza na Ufaransa. Alisema nchi yake inapigania hali yake ya kutokuwa na upande, na haina shabaha ya kuivunja Ujerumani wala kutwaa ardhi ya mtu. Alikataa kuwatoa askari wake kafara katika mashambulizi makubwa ambayo hakuyaona na faida. Zaidi ya hayo, mwaka 1915 na 1916 aliruhusu mazungumzo ya siri na upande wa pili kupitia kwa shemeji ya mkewe, ili kutafuta kama amani ingewezekana. Haikuwezekana, kwa kuwa Ujerumani haikutaka kuiachia Ubelgiji uhuru ulio kamili. Wako waliomlaumu kwa mazungumzo hayo. Sisi tunaona kwamba yalikuwa ya mtu aliyejua idadi ya makaburi yake.

MOTO WAFIKA ZIWA TANGANYIKA

Sasa tuje kwetu. Congo nayo ilikuwa na karatasi yake. Katika mkutano wa Berlin wa mwaka 1885 wakubwa walikubaliana kwamba nchi za bonde la Congo, pamoja na zile zinazoenea mashariki hadi Bahari ya Hindi, zingeweza kuwekwa nje ya vita vya Ulaya. Vita vilipoanza, serikali ya Ubelgiji ilitaka Congo ikae kando. Lakini tarehe 8 Agosti 1914 manowari za Kiingereza ziliipiga Dar es Salaam kwa mizinga, na tarehe 22 mwezi huo meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann iliishambulia bandari ya Lukuga, palepale ulipo mji wa Kalemie. Kabla ya mwisho wa mwezi, Ubelgiji iliyaruhusu majeshi yake ya Congo kupigana.

Mwezi Aprili 1916 jeshi la Congo, maaskari wake wakiwa Waafrika na maofisa wake wakiwa Wabelgiji chini ya Jemadari Tombeur, lilivuka mpaka. Mwezi Mei lilikuwa Kigali, Juni likaingia Usumbura na Gitega, Julai likatwaa Kigoma, na tarehe 19 Septemba likaingia Tabora. Ubelgiji, iliyokuwa imepokonywa karibu ardhi yake yote huko Ulaya, ilishangilia ushindi huo.

Lakini nani aliyeubeba ushindi huo mabegani? Walikuwa wapagazi. Hapakuwa na reli wala barabara ya kuwafuata askari, na farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Wapagazi zaidi ya 200,000 walitumiwa na majeshi ya Wabelgiji katika vita hivyo, wengine kutoka Congo, wengine wamekamatwa katika nchi walimopita, kila mmoja na mzigo wake kichwani, chakula haba, kuhara damu na homa ya mapafu vikimfuata njiani. Huko Rwanda, mahali majeshi yalipokabiliana muda mrefu, ilizuka njaa inayokumbukwa kwa jina la Rumanura. Upande wa Waingereza mambo yalikuwa hayohayo, na mtaa wa Kariakoo mjini Dar es Salaam umechukua jina lake kwa jeshi la wapagazi wao.

Hili ndilo fundisho la pili tulilolitaja. Albert na mawaziri wake walipewa saa kumi na mbili za kufikiri, na Bunge lao likaulizwa. Mpagazi wa Maniema au wa Burundi hakupewa hata saa moja. Nchi yake ilikuwa njia, na mgongo wake ulikuwa reli. Mfalme aliyekataa Ubelgiji igeuzwe kuwa njia ya jeshi la mwingine alikubali nchi za watu wengine zigeuzwe hivyo, wala hatujui kwamba jambo hilo lilimsumbua usingizi.

MWISHO WAKE

Mnamo Septemba 1918 Albert aliongoza majeshi ya Ubelgiji, Uingereza na Ufaransa katika shambulio la mwisho la upande wa Flanders. Tarehe 22 Novemba aliingia Brussels akishangiliwa, na siku hiyo aliahidi kwamba kila mwanamume atapiga kura na kwamba Waflemi watapata chuo kikuu cha lugha yao. Askari wa Ubelgiji wapatao 40,000 hawakurudi. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliifuta rasmi hali ya Ubelgiji ya kutokuwa na upande, na mwaka uliofuata nchi hiyo ilifanya mapatano ya kijeshi na Ufaransa.

Rwanda na Burundi zilikabidhiwa Ubelgiji kwa jina la Shirikisho la Mataifa, bila wenyeji kuulizwa. Ilikuwa katika utawala wa Albert, mwaka 1931, Wabelgiji walipomwondoa Mwami Musinga wa Rwanda katika kiti chake. Mfalme mwenyewe alizuru tena Congo mwaka 1928 pamoja na malkia. Hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1925 kando ya milima ya volkeno, ya kwanza ya aina yake Afrika, ilipewa jina lake; leo upande wa Congo tunaujua kwa jina la Virunga.

Albert alipenda sana kupanda majabali. Tarehe 17 Februari 1934, akiwa peke yake juu ya mwamba huko Marche-les-Dames, karibu na Namur, alianguka akafa. Alikuwa na umri wa miaka 58. Mwanawe, Leopold wa Tatu, alirithi ufalme, na mwaka 1936 Ubelgiji ikarudia siasa ya kutofungamana na dola yoyote. Tarehe 10 Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yalivuka mpaka kwa mara ya pili.

Wahenga walisema kwamba fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Maisha ya Albert yanatuonyesha kwamba nyasi nazo zina daraja. Ziko zinazoulizwa kabla ya kukanyagwa, na ziko zisizoulizwa. Twamheshimu mfalme huyo kwa usiku ule wa tarehe 2 Agosti, maana aliyaona yatakayokuja naye hakuuza nchi. Lakini anayelitaja jina lake huko Kalemie, na awataje pia wapagazi waliopita hapo na mizigo kichwani, ambao hakuna mji ulioitwa kwa majina yao.